Ujasiri wa Anayebaki: Ushuhuda wa Mkristo wa Kawaida katika Pwani ya Tanga

Swali la namna Mkristo asiye padri, mchungaji wala mwinjilisti anavyoweza kupata ujasiri wa kuishuhudia imani yake hujibiwa mara nyingi kana kwamba woga ni ule ule kila mahali, na kana kwamba dawa yake nayo ni moja: sala zaidi, semina zaidi, na vipaza sauti vyenye nguvu zaidi. Katika mwambao wa kaskazini wa Tanzania, kuanzia Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Pangani, na kuingia ndani mpaka Muheza na Korogwe, jibu hilo halifiki mbali, kwa sababu Mkristo wa huko haogopi kuuawa, wala kwa kawaida haogopi kufungwa. Anachoogopa ni kuharibu ujirani. Anaishi katika mitaa na vijiji ambavyo wengi wa wakazi wake ni Waislamu, baadhi yao wakiwa ni shangazi zake, wajomba zake na watoto wa baba zake wadogo, na anajua kwamba neno likishamtoka mdomoni atakutana nalo tena kesho kisimani, dukani, harusini na makaburini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ujasiri unaofaa katika mazingira hayo ni ujasiri wa mtu anayebaki baada ya kusema, na kwamba aina hiyo ya ujasiri, ingawa haipigiwi makofi, ndiyo iliyoujenga Ukristo wa Tanga kwa sehemu kubwa kuliko mikutano yote ya hadhara.

Istilahi tatu zinafaa kutenganishwa mapema, kwa kuwa kuchanganywa kwake ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya woga wenyewe. Mahubiri ni kazi ya mtu aliyetumwa na kanisa lake kufundisha mbele ya kusanyiko, naye huifanya akiwa amepewa idhini, muda na mahali. Mhadhara, kwa maana iliyoenea katika miji ya Tanzania tangu miaka ya 1980, ni mkutano wa hadhara wa dini ambamo msemaji hufunua kitabu cha upande wa pili, husoma aya baada ya aya, na kuuonyesha umati palipo na kasoro. Ushuhuda si hili wala lile: ni tendo la muumini yeyote kueleza, kwa neno na kwa mwenendo, anachoamini na sababu ya kukiamini, kwa mtu ambaye kwa kawaida anamfahamu. Mama anayeuza samaki Deep Sea, au fundi cherehani wa Ngamiani, anapoambiwa Jumapili kwamba ni wajibu wake kuieneza Injili, hujiona anatakiwa kuwa mhubiri au, vibaya zaidi, mhadhiri, na kwa kuwa anajijua kwamba hana kipawa cha kwanza wala ulimi wa pili, hunyamaza kabisa.

Kuhusu ujasiri wenyewe, mapokeo ya falsafa yana fundisho ambalo waandaaji wa mikutano ya Injili hulipita haraka. Aristotle aliuweka ujasiri kati ya woga na upapara, akimhesabu asiyeogopa kitu chochote kuwa amepotoka, kama alivyopotoka anayeogopa kila kitu. Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, aliupokea mgawanyo huo akauliza zaidi: kati ya matendo mawili ya ujasiri, yaani kushambulia na kustahimili, lipi ni kuu? Jibu lake ni kustahimili, na miongoni mwa sababu alizozitoa iko moja inayostahili kutafakariwa kwa makini, kwamba anayeshambulia anaweza kufanya hivyo kwa ghafla, ilhali anayestahimili anaishi na hatari iliyokwisha kumfikia, tena kwa muda mrefu, pasipo moyo wake kuyumba. Kwa kipimo hicho, msemaji aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam, akahutubu siku tatu katika viwanja vya Tangamano, kisha akaondoka, ametenda tendo dogo la ujasiri kuliko muuguzi wa Muheza anayemwambia mwenzake Mwislamu kwamba anamwombea kwa jina la Yesu, kisha akaendelea kupangwa naye zamu moja mwaka mzima.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinalieleza jambo hilo kwa njia ya simulizi. Katika sura ya 4, Petro na Yohana wanaletwa mbele ya baraza la wakuu wa Wayahudi, na wajumbe wanashangaa kwamba wanaosema kwa uthabiti namna ile ni watu wa kawaida, wasiopitia masomo ya marabi. Wanakatazwa kulitaja jina la Yesu, wanaachiliwa, na jambo la kwanza wanalofanya ni kurudi kwa wenzao na kuwapa habari. Sala inayofuata ndiyo kiini cha sura nzima, kwa kuwa jamaa ile haikuomba vitisho viondolewe wala maadui waangamizwe, bali iliomba uwezo wa kusema hali vitisho vikiwapo. Kumbe ujasiri, kwa fikra za Biblia, si tabia ambayo mmoja huzaliwa nayo na mwingine akanyimwa. Ni kitu kinachoombwa, tena kinaombwa na kundi kwa ajili ya kundi. Ikumbukwe pia kwamba Petro huyo huyo, majuma machache kabla, alimkana Bwana wake akiwa peke yake uani, akiota moto wa makaa, na aliyemtisha hakuwa hakimu wala askari bali kijakazi aliyemkazia macho. Woga huo wa kutazamwa, wa kutambuliwa kuwa si mwenzao walioketi pale, ndio woga anaoujua Mkristo wa pwani, na mahubiri mengi kuhusu mashahidi waliotupiwa simba hayaugusi.

Waraka wa kwanza wa Petro unaikaribia hali ya Tanga zaidi, kwa kuwa uliandikiwa Wakristo waliotawanyika katika majimbo ya Asia Ndogo, ambao majirani zao walishangaa kuona hawashiriki tena mambo waliyokuwa wakishiriki zamani. Agizo lake katika sura ya 3 ni kwamba muumini awe tayari wakati wote kumjibu anayeuliza sababu ya tumaini lake, na ajibu kwa upole na heshima. Agizo hilo linatanguliza swali la jirani, na jirani hawezi kuuliza juu ya mtu ambaye hajakaa naye, hajala naye, wala hajaona namna anavyozika wafu wake. Maandalizi ya ushuhuda, kwa maana hiyo, ni maisha ambayo yanaleta swali, pamoja na akili iliyokwisha kulifikiria jibu kabla swali halijaulizwa.

Historia ya mwambao huu inaipa hoja hiyo nguvu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha CMS, alipanda mpaka Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akapokewa vyema na Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, lakini hakuacha kanisa nyuma yake. Waliofuata walikuwa UMCA, chama cha kimisionari cha Waanglikana kilichotokana na wito wa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857, ambacho baada ya kushindwa katika nchi ya mto Shire kilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Huko Sultani Majid alimkabidhi askofu watoto watano wa kiume waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa, na mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwanzo huo una heshima yake, lakini uliacha pia jeraha ambalo halijapona vizuri hadi leo. Waungwana wa pwani walimpima mtu kwa ukoo, na wale Wakristo wa kwanza hawakuwa na ukoo pale. Walikuwa watu wa misheni, waliolishwa, kusomeshwa na kuozwa na wazungu. Dini yao ikaonekana kuwa ni ya aliyekosa kwao, na mjukuu wa imani hiyo, hata akiwa amezaliwa Chumbageni, bado huitwa mtu wa bara pindi anapotofautiana na jirani yake. Sehemu ya ukimya wa Wakristo wa Tanga inatokana na hapo: hawaoni haya kwa ajili ya Kristo, wanaona haya kwa ajili ya kuonekana wageni.

Magila, karibu na Muheza, palikuwa na mkondo mwingine. Kituo kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1860 na kikaimarika kuanzia mwaka 1875 chini ya padri J. P. Farler, na wengi wa waliobatizwa hapo walikuwa Wabondei waliokuwa na baba, wajomba, makaburi na mashamba palepale. Baadhi ya vijana walipelekwa Kiungani, chuo cha UMCA huko Unguja, wakarudi kuwa walimu wa shule na wa dini katika vijiji vya Bonde, nchi ya Wabondei. Katikati ya miaka ya 1890 Magila ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Habari za Mwezi, na miongoni mwa majina yaliyopata kujulikana katika kizazi hicho yapo ya Petro Limo na Samuel Sehoza. Mwalimu wa aina hiyo hakuwa mgeni wa kupita. Alifundisha mchana, akalima, na jioni akaketi barazani na ndugu ambao baadhi yao walikuwa Waislamu na wengine bado waliheshimu mizimu ya ukoo, na kila alichokisema darasani kilipimwa kwa namna alivyolipa mahari, alivyogawa nyama na alivyomtunza mama yake mjane. Vitabu vya misheni huwataja maaskofu kwa kurasa na walimu hawa kwa mistari, jambo linaloeleweka kwa kuwa vitabu hivyo viliandikwa ili visomwe Uingereza, lakini mwenye kutaka kujua imani ilivyoenea hana budi kuisoma mistari kwa makini kuliko kurasa.

Vita Kuu ya Kwanza iliwajaribu watu hao kwa namna ambayo hakuna semina ingeweza kuwaandaa kwayo. Baada ya Uingereza na Ujerumani kuingia vitani mwaka 1914, na hasa baada ya mapigano ya Tanga ya mwezi Novemba mwaka huo, serikali ya Kijerumani iliwashuku wote waliohusiana na misheni ya Kiingereza. Wamisionari waliwekwa kizuizini Kiboriani karibu na Mpwapwa na baadaye Tabora. Makasisi na walimu Waafrika nao wakakamatwa, na wengi wao waliteswa, wakafungwa minyororo na kutumikishwa kazi ngumu kwa tuhuma za upelelezi ambazo hazikuwa na msingi. Baadhi walikufa. Waliosalia walipata uhuru majeshi ya Kibelgiji yalipoingia Tabora mwezi Septemba 1916. Katika miaka hiyo miwili makanisa mengi ya Bonde hayakuwa na padri wala mwalimu, na waliobaki kuzisali sala, kuwafundisha watoto na kuwazika wafu walikuwa wazee wa kanisa, akina mama na vijana waliojua kusoma. Hali kama hiyo iliwapata pia Walutheri wa Usambara, ambako wamisionari wa Bethel walikuwa wamefungua vituo vya Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895: baada ya vita wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na mpaka walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1920 mzigo wa sharika ulikuwa mabegani mwa walimu na wazee wa Kishambaa. Kanisa la wageni lingekufa katika vipindi hivyo. Halikufa, na sababu yake haiwezi kuwa ufasaha wa mtu yeyote.

Jambo la kutazamwa zaidi ni kilichofuata baada ya vifungo. Martin Kayamba, aliyezaliwa Unguja mwaka 1891 katika familia ya Kibondei ya walimu wa UMCA, na ambaye naye alifungwa na Wajerumani, alianzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa serikali ambacho Wakristo na Waislamu walikuwa wanachama pamoja. Mtu aliyepitia kifungo hicho hakutoka gerezani akitafuta ngome ya kujifungia na wenzake wa dini. Alikwenda kuketi meza moja na karani Mwislamu. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni siasa, si ushuhuda. Kwa kipimo cha pwani, hata hivyo, mtu ambaye imani yake inajulikana na wote, na ambaye bado anaaminiwa kuwa kiongozi na wasioishiriki, amekwisha kusema jambo zito juu ya imani hiyo.

Mashamba ya mkonge yaliongeza kundi lingine. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuoteshwa Kikogwe karibu na Pangani, na kadiri mashamba yalivyopanuka ndivyo manamba, yaani vibarua wa mkataba, walivyoletwa kutoka Songea, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Wakristo waliokuwa miongoni mwao hawakuwa na ukoo wala lugha ya mahali, na kwao shida haikuwa kuogopa kuvunja undugu bali kukosa undugu wowote wa kuvunja. Ndiyo maana Ukristo wa kambini uliweza kuimba kwa sauti kubwa na bado usisikike nje ya kambi. Huo nao ni mtego, na unaendelea mijini kila parokia au usharika unapogeuka kuwa chama cha watu wa mkoa fulani.

Dhidi ya dhana ya kwamba Mkristo ni mtu wa bara, ushahidi wa wazi kuliko wote uko katika majina ya watu. Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Tanzania tangu mwaka 1984 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ambaye pia alikuwa askofu wa Zanzibar na Tanga, aliitwa John Ramadhani. Katika Bonde na Uzigua si ajabu kumkuta Mkristo ambaye jina la baba yake ni Saidi au Athumani, na Mwislamu ambaye binamu yake ni Yohana. Mkristo wa namna hiyo hahitaji kuombwa radhi wala kuomba radhi kwa kuwapo kwake. Ni mwenyeji, anajua miiko ya mahali, na akisema juu ya Mungu anasema na watu wake. Kulitambua jambo hilo ni chanzo cha ujasiri kinachopuuzwa, labda kwa sababu halifanani na mambo ya kiroho.

Mihadhara ilikuja na mfano tofauti wa ujasiri, na athari yake haikuwa ndogo. Vijana Wakristo walioona Biblia yao ikisomwa uwanjani ili ikebehiwe walihisi kudhalilishwa, na wengine wakaanza kufanya vivyo hivyo kwa Kurani. Sheria ya nchi ilihusishwa. Katiba, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na kuieneza dini yake kwa hiari, na Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Mipaka kati ya mambo hayo mawili ilipimwa katika kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula, Mwislamu aliyetiwa hatiani Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliifuta hatia hiyo, kwa kuwa kutangaza imani ya mtu, hata inapopingana na imani ya mwingine, hakutoshi peke yake kuwa nia ya kuumiza. Wakristo wa pwani wanapaswa kuifurahia hukumu hiyo kuliko mtu yeyote, maana uhuru uliomlinda Dibagula ndio unaomlinda mkulima wa Mkinga anayesema kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Lakini mahakama huamua kinachoruhusiwa tu. Matusi yaliyo ndani ya mipaka ya sheria bado ni matusi, na aliyeyatoa akirudi mtaani hukuta salamu zimepungua.

Udhaifu ambao mihadhara iliufichua ni wa kweli, nao ni kutojua. Mkristo wa kawaida wa Tanga anaulizwa maswali yanayorudi kizazi hadi kizazi: Mungu anawezaje kuwa na mwana; je, utatu, yaani fundisho kwamba Mungu mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, si miungu mitatu; ni nani aliyeibadilisha Injili; kwa nini Yesu aliyekuwa ametahiriwa na asiyekula nguruwe anafuatwa na watu wanaokula. Darasa la kipaimara, ibada ya kumthibitisha kijana katika imani aliyobatizwa, humfundisha sakramenti na amri na kumwacha bila jibu kwa maswali hayo, kana kwamba anakwenda kuishi Ulaya. Godfrey Dale, padri wa UMCA, aliliona pengo hilo mapema, akaandika kitabu cha Kiswahili juu ya dini ya Kiislamu na mwaka 1923 akatoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Kazi yake ilikuwa na kasoro: maelezo yake yalilenga kumpa mwalimu Mkristo silaha ya mabishano, na wanazuoni wa Kiislamu waliyapinga, si bila haki. Hata hivyo kanuni aliyoifuata, ya kukisoma kitabu cha jirani badala ya kukisikia tu, haijazeeka. Anayejua Waislamu wanasema nini hasa juu ya Isa mwana wa Maryamu haanzi mazungumzo kwa hofu ya kushtukizwa, na upungufu wa hofu hiyo humfanya awe mpole, kwa sababu ukali katika mabishano ya dini mara nyingi ni woga uliovaa kanzu ya ushujaa.

Mahali pa kujifunza kuyasema hayo kwa sauti papo tayari. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliziweka jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji, yaani vikundi vya nyumba chache za jirani vinavyokutana kila wiki kusali, kusoma Maandiko na kusaidiana. Walutheri na Waanglikana nao wana mikutano ya namna hiyo. Watu huziona jumuiya hizi kama vituo vya kukusanyia michango, na katika parokia nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini ndani yake mwanamke ambaye hajawahi kushika kipaza sauti husoma Injili mbele ya watu kumi na wawili, hueleza alivyoielewa, hukosolewa na mwenzake, na wiki inayofuata husali kwa maneno yake mwenyewe. Kile kinachosemwa katika Matendo sura ya 4, kundi linaloomba pamoja uwezo wa kusema, kina umbo lake hapa, sebuleni, mlango ukiwa wazi na mtoto wa jirani Mwislamu akichungulia. Jumuiya zinazotamka majina ya majirani katika sala zake, kwa heri na si kwa kuwalaani, huwapa wanachama wake sababu ya kwenda kuwajulia hali.

Iko dhana nyingine inayostahili kukataliwa, kwamba Waislamu wa pwani huchukizwa na mtu anayezungumza juu ya Mungu. Ukweli unaelekea upande wa pili. Uislamu una wajibu wake wa da'wa, yaani kuwaita watu katika dini, na Mwislamu mwenye elimu haoni ajabu Mkristo naye akiwa na wajibu unaofanana na huo. Katika daladala ya Tanga kwenda Pangani mtu hasemi atafika saa ngapi bila kuongeza inshallah, na hakuna anayemcheka. Mkristo anayenyamaza humo kwa kudhani kwamba dini ni siri ya mtu binafsi hakujifunza ukimya huo pwani. Ameuchukua mahali pengine, shuleni au ofisini. Kinachowachukiza majirani kinajulikana na hakihusu mafundisho: ni ulevi, deni la duka lisilolipwa, na mabinti kupelekwa disko usiku wa mkesha wa Krismasi. Tembo la mnazi limenyamazisha mashahidi wengi kuliko vitisho vyote vya mihadhara. Kwa upande mwingine, familia ya Kikristo inayomwita Mwislamu achinje mbuzi wa Pasaka ili mtaa mzima ule bila wasiwasi haijaificha imani yake. Imetangaza kwamba kuna Pasaka, na imefungua nafasi ya kuulizwa ni ya nini.

Ujasiri huo una mipaka inayotokana na imani yenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulionya dhidi ya kushawishi watu kwa njia zisizo za haki, hasa maskini na wasio na elimu, na mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikano na umoja wa makanisa ya kiinjili ulimwenguni walikubaliana waraka wa pamoja wenye mwelekeo huo huo. Maonyo hayo yana maana ya pekee katika mkoa ambao makanisa yana hospitali, shule na miradi. Muuguzi anayemshuhudia mwenzake wa zamu anasema na mtu aliye sawa naye. Akimshuhudia mgonjwa anayesubiri sindano, mizani imekwisha kulalia upande mmoja, na busara humwelekeza amhudumie kwanza, anyamaze, na asubiri aulizwe.

Swali gumu kuliko yote huja pale ushuhuda unapokubaliwa. Kijana wa nyumba ya Kiislamu akiomba ubatizo, anahatarisha urithi wake, kwa kuwa sheria ya Kiislamu haimrithishi asiye Mwislamu mali ya Mwislamu. Anahatarisha posa, na pengine kitanda alicholalia jana. Hapo padri wa parokia, ambaye huenda ana miaka miwili tu mahali pale na kesho atahamishwa, hawezi kufanya mengi zaidi ya kumfundisha na kumpa barua. Kazi ya kwenda kwa mama wa kijana huyo, kuketi mkekani, kusikiliza lawama hadi ziishe bila kujitetea, na kurudi tena wiki inayofuata, inamwangukia Mkristo jirani ambaye mama huyo alimsaidia kujifungua, na ambaye pengine ndiye aliyesikiwa kwanza na kijana huyo.